Mafundo ya Nyasi ya Ilalambogo

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kufifia. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, nami nimesimama katikati ya njia nyembamba inayopanda mlima wa Ilalambogo. Mkono wa kulia nimeshika kamba ya punda, na kwa mkono wa kushoto nafungua fundo la nyasi. Nililifungua taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba isiyo yake. Nilipomaliza nikamwaga chumvi kidogo pale chini, nikasoma nilichofundishwa kusoma, nikaendelea na safari kifua mbele. Nilidhani nimefanya jambo la kishujaa.

Nimekaa na siku hiyo karibu miaka hamsini bila kumsimulia mtu. Ninaisema sasa kwa sababu ya mjukuu wangu Saumu.

Mwaka huu Saumu alipata ajira ya ualimu. Tulifurahi nyumba nzima mpaka barua iliposomwa na kituo chake kikatajwa: shule ya msingi iliyoko mlimani Ilalambogo, mbele ya Kharumwa. Jioni ile ile alikwenda stendi hapa Kahama kuulizia magari, akarudi amejaa habari. Mpiga debe alimwambia kule walimu hulala ndani wakaamka nje. Mama muuza chai akamwambia watu wa kule hawamsalimii mgeni bali humhoji kama polisi, na kwamba vikongwe wao wana macho mekundu ya kuangalia watu wakiwa gizani. Abiria mmoja akaapa kwamba kila nyumba imefukia dhahabu chini ya kitanda, na mgeni anayeigundua harudi kwao. Na njiani, wakamwambia, kuna mafundo ya nyasi. Ukilivuka fundo, umefungwa.

Aliposema habari ya mafundo nilikuwa nachambua mchele. Mkono ulisimama wenyewe juu ya ungo.

Saumu alitaka kuandika barua ya kuomba uhamisho kabla hata hajaripoti. Nikamwambia aketi kwanza, barua haina miguu. Niliyomweleza ndiyo ninayokuandikia wewe pia, kwa maana najua nawe una mahali ulipotajiwa vibaya na watu wasiowahi kulala huko.

Mimi ni mzaliwa wa Kahama. Babu yangu alifika huku na wafanyabiashara wa pwani, akaoa Msumbwa, akasahau njia ya kurudi. Baba alipofariki nililelewa na Baba Mdogo, aliyekuwa akizunguka magulio na kanga, sabuni na chumvi ya mawe. Mwaka niliotimiza ishirini na miwili miguu ilimvimba, hakuweza kutembea. Akanituma mimi. Lori lingenifikisha Kharumwa, na kutoka pale ningeazima punda kwa rafiki yake na kupanda mlimani kwa miguu, nusu siku.

Usiku wa kuamkia safari alinipa nasaha zake, nami nilizipokea kama mtu anayekabidhiwa funguo. Usinywe maji yao. Usiwape jina lako la kweli, kwa sababu watakuuliza jina lako, la baba yako na la ukoo wako, na mtu haulizi yote hayo bure. Ukikuta fundo la nyasi njiani, wamekufunga wewe na biashara yako. Lifungue kwa mkono wa kushoto, mwaga chumvi, soma dua, upite. Hivyo ndivyo wafanyabiashara wote wa Kahama walivyokuwa wakifanya, na hakuna aliyewahi kuwauliza wenyeji wanasema nini juu yake.

Basi nilipanda. Wewe ukifika kule, kama umetoka kwenye milima mirefu ya kaskazini, utacheka ukisikia tunauita mlima. Ni mawe makubwa yaliyopandana, na katikati yake mashamba ya mihogo, pamba na njia za ng'ombe. Upepo ukipita kati ya mawe yale unatoa sauti kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Ndiyo hiyo wasafiri wanayosema ni mizimu inalia. Mimi pia niliamini hivyo nilipoisikia. Lakini nilikuwa na chumvi yangu, na hadi kufika juu nilikwisha kufungua mafundo saba.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane aitwaye Holo, ambaye Baba Mdogo alikuwa akiweka bidhaa kwake. Alitoka jikoni akanitazama, na mwanangu, macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Nilipiga goti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza: umelalaje, njia ilikuwaje, nyumbani hawajambo, wewe nani, baba yako nani, watu wa ukoo gani. Yote kama nilivyoambiwa. Nikasema naitwa Mwajuma.

Akaniletea maji kwenye kata. Nikasema nimefunga.

Sikujua uongo huo ungenirudi namna gani. Mama Holo hakuwa Mwislamu, lakini alijua kwamba anayefunga hafungui mpaka jua lizame. Alirudisha chakula kilichokuwa tayari, akakifunika, naye akakaa bila kula hadi magharibi ili mgeni wake asile peke yake. Binti yake, Minza, aliyekuwa na umri kama wangu, alipita mara tatu kukifunua na kukifunika tena chungu cha mlenda. Jua lilipotua na ugali umepoa kabisa, aliniambia, "Mwajuma, Mungu wako anapenda ugali wa baridi. Wetu anaupenda ukiwa wa moto."

Nilicheka kabla sijajizuia, na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Nilikaa nikingojea siku ya gulio, nikalala kitanda kimoja na Minza. Siku ya pili niliingia jikoni kusaidia, na baada ya muda mfupi macho yangu mwenyewe yakawa mekundu. Kule kuni ni za kutafuta mbali, kwa hiyo siku nyingi wanapikia mabua ya pamba na samadi kavu, na jiko halina pa kutolea moshi. Mama Holo alikuwa amepika kwenye moshi ule tangu utoto wake. Hiyo ndiyo siri ya macho yake. Niliijua nikiwa nafuta machozi kwa ncha ya kanga, na bado sikuona haya ya kutosha.

Asubuhi ya siku ya tatu Minza aliniambia twende kuokota kuni upande wa njia niliyojia. Tulitawanyika kidogo. Yeye alikata kushoto kwenye nyasi ndefu, akiimba, mimi nikabaki kufunga mzigo wangu karibu na jabali. Kisha wimbo ukakatika.

Baada ya kitambo nikasikia sauti inaita, kwa mbali, kama inatoka chini ya blanketi. Ilikuwa inaita, "Mwajuma." Nikaendelea kufunga kuni. Ikaita tena. Nikawaza kwamba huyo Mwajuma ni nani kule mlimani, na kwa nini haitiki. Sauti iliita mara tano au sita, mwanangu, na kila mara ilikuwa ndogo zaidi, kabla sijakumbuka kwamba Mwajuma ni mimi.

Nilikimbia. Nyasi zilikuwa zimegawanyika mahali pamoja, na pale palikuwa na shimo, lile ambalo wachimbaji wanaliita duara. Si refu sana, labda urefu wa watu wawili, lakini kuta zake zilikuwa za udongo uliolegea kwa mvua, na kila Minza alipojaribu kupanda, udongo ulimwangukia. Nilipochungulia ulikuwa umemfika kifuani. Aliinua uso akanitazama, akasema kwa sauti ya chini sana, "Nimekuita."

Nilipiga kelele mpaka wanaume waliokuwa wakichunga wakaja na kamba za ngozi. Mmoja akashuka, wakamfukua kwa mikono, wakamtoa. Alikuwa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Wakati mzee wa kuunga mifupa akimfunga vijiti, niliwasikia wale wanaume wakizungumza nje. Walikuwa wanashangaa. Mmoja alisema fundo la duara lile alilifunga yeye mwenyewe, mwezi uliopita, pale njiani ambapo nyasi zinaachana. Minza hawezi kupita fundo. Hakuna mtoto wa mlima ule anayepita fundo. Sasa limekwenda wapi?

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekaa chini kizingitini, na nilihisi kama ardhi inadidimia chini yangu. Mlima ule wote umetobolewa. Watu walikuja zamani kutafuta dhahabu, wakachimba, walichopata wakaondoka nacho, na wenyeji wakaachiwa mashimo. Mvua ikinyesha nyasi huyafunika. Kwa hiyo yeyote anayeona shimo hufunga fundo kwenye nyasi za njiani, upande lilipo, ili mwenzake ajue asikatize hapo. Hakuna aliyefungwa pale, mwanangu. Fundo lilikuwa neno la mtu mmoja kwa mwingine ambaye huenda hatamwona: usipite hapa. Na sisi wa Kahama, miaka yote ile, tulikuwa tunapita tukiyafuta maneno yao kwa mkono wa kushoto.

Sikusema kitu.

Mama Holo alitoka peke yake kwenda kuiangalia njia. Baadaye nilikuja kujua alichokiona. Mbuzi wake walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, wanalamba ardhi. Akatembea mbele kidogo, akawakuta wengine wanalamba mahali pengine. Akachukua udongo, akauweka kwenye ulimi. Kisha akarudi nyumbani, akampikia binti yake uji.

Kesho yake alfajiri alinishika mkono tukaenda njiani. Hakunieleza tunakwenda kufanya nini. Tulipofika palipokuwa na fundo la kwanza alikusanya nyasi za pande mbili, akanionyesha: shika hapa, pinda, pitisha chini, kaza. Akalifungua, akanipa mimi nilifunge. Nililifunga vibaya. Akanifanya nirudie hadi likakaa. Tukaenda la pili, na la tatu, na kila mahali alinipeleka kando nikalione shimo lenyewe, nichungulie ndani, nijue nimefunga kwa sababu gani. Kazi hiyo ilituchukua asubuhi nzima. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kwenye la saba, lile la Minza, aliniuliza, "Jina lako nani?"

Nikamwambia, "Rukia, mama. Rukia binti Hamisi."

Alilirudia polepole, kama anayejaribu uzito wake. Kisha akaniita mwanawe kwa lugha yao, akasema, "Ng'wanone, sisi hatuulizi majina ili tuyaroge. Mlima huu una matundu. Mgeni akichelewa, tunatoka wote, tunasimama juu ya kila shimo, tunaita. Tutamwitaje kama hatujui jina lake? Tutapeleka habari kwa nani kama hatujui baba yake?" Akalikaza fundo lile. "Jana mwanangu aliita jina lisilo na mtu."

Nililia pale, nikamwomba msamaha, nikamwomba pia asimwambie Minza. Akanijibu kwamba wanaume atawaambia ni upepo umefungua, kwa sababu hataki niumizwe. Lakini Minza, akasema, ni deni langu mimi. Nimwambie mwenyewe, siku nitakayoweza.

Siku hiyo haikufika. Minza alipouliza ni nani aliyefungua fundo, mama yake akajibu kwamba ni upepo. Minza akatazama paa. Akasema, "Upepo gani huo unaofungua mafundo saba bila kukata hata unyasi?" Kisha akageuka akanitazama mimi, akatabasamu kidogo. "Labda umetoka Kahama."

Nilirudi Ilalambogo kila kiangazi na kila masika kwa miaka minne. Nilikunywa maji yao, nilifunga mafundo na watoto wao. Baba Mdogo nilimweleza maana ya mafundo yale, akawaambia wenzake, na baadhi yao wakaacha. Na kila nilipotokea kwenye kilima cha mwisho na punda wangu, Minza alikuwa akiita kutoka uani, "Mama, upepo wa Kahama umefika." Tulicheka sote. Sikupata kujua anajua kiasi gani. Na kwa kuwa kumwambia jina langu kungenilazimu kumwambia mengine, nilibaki Mwajuma kwake.

Halafu nikaolewa, mume wangu akahamia Tabora kwa kazi, watoto wakafuatana. Nikasikia Mama Holo amefariki, nami nina mtoto mchanga, sikwenda. Kila mwaka nilisema kiangazi kijacho. Mume wangu alipofariki nilirudi hapa Kahama, magoti yakiwa yamekwisha kuchoka, na mlima ule, ambao kwa gari si mbali, ukawa mbali kuliko zamani nilipoupanda kwa miguu.

Kuna vitu ninavyovitamani ambavyo siwezi kumtuma mtu aniletee. Ukungu wa asubuhi unavyolala bondeni na wewe umekaa juu yake, unakunywa uji. Mawe yanavyobaki na joto la jua hata baada ya watu kuoga jioni. Harufu ya moshi wa samadi, ambayo wageni huikunjia pua. Mimi nikiisikia kwenye nguo ya mtu sokoni humfuata hatua mbili tatu kabla sijajikumbuka. Na zaidi ya yote, mwendo wa Minza. Mguu wake uliunga kwa kupinda. Ukiwa umelala ndani unamsikia anakuja: kishindo cha mguu mmoja, mkwaruzo wa mwingine, kishindo, mkwaruzo. Mkwaruzo ule ni kazi ya mkono wangu wa kushoto. Na bado ndiyo sauti ninayoitamani kuliko zote.

Hayo nilimweleza Saumu. Aliikunja ile karatasi aliyotaka kuandikia barua, akaniuliza atampata wapi mtu wa kumpokea. Nikamwambia aseme jina lake lote, la baba yake, na la bibi yake.

Aliripoti kazini mwezi uliopita. Wiki ya kwanza alinipigia simu. Alisema mama mmoja mzee anayetembea na fimbo ndiye aliyempa chumba, na amekwisha kumfundisha kufunga fundo. "Lakini bibi," akasema, "nimewatajia jina lako, Rukia binti Hamisi wa Kahama. Hakuna anayekujua."

Niliketi chini. Miaka minne ya kula na kulala kwao, na hakuna anayenijua. Aliyelijua jina langu alikuwa amelala kaburini. Nikakumbuka ile fimbo, na mguu uliounga kwa kupinda, nikamwomba Saumu ampe simu huyo mama.

Nilisikia mbuzi, na upepo, kisha pumzi ya mtu. Nikasema, "Minza, ni Mwajuma."

Akasema jina hilo kwa furaha, mara mbili, akaanza kuniuliza nimelalaje, wa nyumbani hawajambo. Nikamwomba aningoje. Nikamwambia jina langu si Mwajuma. Nikamwambia habari ya chumvi na mkono wa kushoto, na habari ya kuni nilizokuwa nafunga wakati yeye anaita. Sikujitetea kwa ujana wala kwa Baba Mdogo. Nilipomaliza nikasikia tena mbuzi, na upepo.

"Basi upepo wa Kahama una jina," alisema.

Akaniuliza tena jina, na la baba, na ukoo, nikamjibu yote, moja moja. Kisha akaliita, kama mtu anayeita kutoka juu ya shimo: "Rukia."

Safari hii niliitika mara ya kwanza. "Abee."

Ameniambia niende kiangazi hiki, kwamba bodaboda zinafika hadi shuleni. Nimemwambia magoti hayataki. Akasema ana mguu mmoja unaomfikisha popote, atakuja kunichukua. Basi najifunza kupanda ngazi taratibu, asubuhi na jioni.

Mwanangu, ninalokuomba ni dogo. Ukipewa sifa mbaya za mahali, muulize anayekupa amelala huko siku ngapi. Ukikuta kitu usichokijua njiani kwa watu, kiache kilivyo mpaka umpate mwenyeji wa kukueleza; huenda kimewekwa hapo kwa ajili yako. Kunywa maji unayopewa. Ukiulizwa jina, litaje la kweli, lote, pamoja na waliokuzaa. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usingoje kiangazi kijacho kusema.

Mungu akufikishe salama kwa watu watakaokuuliza wewe ni nani, na akupe ulimi wa kuwajibu. Na siku ardhi itakapodidimia chini ya miguu yako, wawepo juu wanaolijua jina lako, na waliite hadi uitike.